Chumba Kisichoombwa

Mzee Sylvester alipopigwa na kiharusi alikuwa shambani kwake Vumari, amesimama katikati ya migomba, anamwambia jirani yake kwamba mvua za mwaka huu zina kiburi. Sentensi yenyewe hakuimaliza. Jirani alimwona akishika mgomba kwa mkono wa kushoto, kisha akateremka nao polepole mpaka chini, kama mtu aliyeamua kupumzika. Walimshusha mlimani kwa machela ya miti, na baada ya wiki kadhaa za hospitali binti yake Fortunata akamchukua kwake Same mjini, maana nyumba ya Vumari haikuwa na mtu mwingine tangu mkewe alipofariki.

Fortunata alikuwa mwalimu wa sekondari, mjane, mwenye binti mmoja, Prisca, aliyekuwa chuo Morogoro. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa moja, karibu na barabara iendayo stendi. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wameijenga kwa mkopo, wakakubaliana tangu siku ya msingi: juu wataishi wao, chini patalipa deni. Na kweli chini palilipa. Palikuwa na vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, alivyopanga Salimu, mtu wa Kisiwani, akafanya humo duka la vipuri vya pikipiki. Kodi ya Salimu ilipokwisha kumaliza deni la nyumba ikahamia kwenye ada ya Prisca, na haikuwahi kuchelewa hata mwezi mmoja.

Basi mzee akalazwa juu, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama milima. Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno yalimtoka, lakini moja moja, kama mtu anayechagua mbegu. Kushuka hakuweza, na ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba, zenye mwinuko mkali, tena katikati zilikata kona.

Siku ya kwanza ya kliniki, Fortunata alikodi vijana wawili wa stendi. Walimbeba mzee kama gunia la mahindi, mguu wake mmoja ukagonga ukuta, naye akafumba macho. Salimu aliwaona kutoka mlangoni kwake. Safari iliyofuata hakungoja kuitwa. Alipanda juu, akavua viatu, akachuchumaa mbele ya kitanda.

"Mzee, shikamoo. Panda mgongoni. Mimi nimebeba injini, siwezi kushindwa na wewe."

"Marahaba," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza tangu aje mjini akacheka.

Kuanzia hapo ikawa ni desturi. Kliniki, Salimu. Misa ya Jumapili, Salimu, Mwislamu mwenye kofia yake, akimshusha mzee wa parokia mpaka kwenye bajaji na kumpandisha tena baada ya misa. Hakutaka malipo. Lakini naye hakuwa kijana. Alikuwa amepita hamsini, na Fortunata alianza kumwona akifika juu anashika kiuno na kugeuza uso ukutani ili mzee asimwone anavyohema.

Hapo ndipo Rodrick, mdogo wake Fortunata aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, alipotuma ile video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ilimwonyesha bibi mmoja wa Kizungu ameketi kwenye kiti kilichoshikiliwa na reli kando ya ngazi. Anabonyeza kitufe, kiti kinapanda naye taratibu, yeye amepakata paka. Ukoo mzima ukasisimka. "Hiki ndicho cha Baba!" aliandika Rodrick. Akatafuta kampuni inayoviagiza, na kampuni ikamtuma fundi, jina lake Rodgers, aje Same kupima.

Rodgers alipima ngazi kwa kamba na kwa kifaa chenye mwanga mwekundu, akaandika, akatikisa kichwa alipofika kwenye kona.

"Mama, ngazi yako ingekuwa imenyooka, ungetoka kwa milioni tisa. Reli za kunyooka tunazo, tunakata tu. Hii yenye kona lazima ikunjwe kiwandani, nje ya nchi, kwa vipimo vya nyumba hii peke yake. Weka ushuru, weka betri ya kukisukuma umeme ukikatika, weka usafiri na ufungaji. Milioni ishirini na mbili. Nusu mnalipa kwanza. Na reli ikishakunjwa, hela hairudi, maana haiwezi kufaa ngazi ya mtu mwingine."

Fortunata alizunguka kutafuta njia. Watu wa bima walimwambia kiti hicho si tiba, ni starehe ya nyumbani. Ofisi ya ustawi wa jamii walimpa pole ya dhati na kumweleza kwamba mikopo ya watu wenye ulemavu ni ya vikundi vya biashara, na mzee wake hana biashara. Benki walitazama mshahara wake, wakaona umekwisha kukatwa pande zote. Ikabaki njia wanayoijua watu wote: kuchangishana.

Rodrick aliitisha kikao cha ukoo kwa simu, Jumamosi jioni. Walikuwepo wengi. Alikuwepo Agatha, dada yao mkubwa, mkulima wa mpunga kule Ndungu. Alikuwepo shangazi yao wa Myamba, anayelima tangawizi. Walikuwepo binamu na wajomba. Bei ilipotajwa Agatha akauliza, kwa sauti yake ile isiyozunguka:

"Fortunata, si una vyumba chini? Kwa nini Baba asilale chini?"

Swali lilikuwa dogo, na jibu la kweli lilikuwepo. Fortunata angeweza kusema: chini kuna kodi, na kodi hiyo ndiyo ada ya mwanangu, nami naogopa kuikosa. Watu wangemwelewa. Pengine wangechangia ada badala ya kiti. Lakini alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo mbele ya ukoo, binti aliyepima baba yake na kodi ya nyumba, akaona baba kapungua. Mdomo ukajibu kabla yake.

"Mpangaji amekataa kuhama. Ana mkataba."

"Amekataa?" Rodrick alishangaa. "Umemweleza hali ya Baba?"

"Nimemweleza. Amekataa."

"Watu wengine wana roho ngumu," alisema shangazi.

Kikao kikaendelea. Fortunata alibaki ameshika simu, anatazama sakafu. Chini yake, Salimu alikuwa anafunga duka. Alisikia vyuma vya mlango vikishuka. Alijiambia kwamba kesho atateremka akamuulize kweli, na akikataa, basi uongo utakuwa umegeuka ukweli bila mtu kuumia. Kesho yake aliteremka. Salimu akamuuliza habari za mzee, akampa maembe mawili ya kumpelekea, naye akapanda na maembe bila kuuliza neno. Siku nyingine aliteremka tena, akakuta wateja. Baada ya hapo akaacha kuteremka. Moyoni alijua anachoogopa. Hakuogopa Salimu kukataa. Aliogopa Salimu kukubali.

Michango ikaanza kuingia. Rodrick alitoa nyingi, akijigamba kidogo. Shangazi wa Myamba aliuza tangawizi kabla haijakomaa vizuri, kwa bei ya hasara. Jumuiya ya Vumari, wazee ambao baba yao alikuwa akiimba nao kwaya, walituma noti zilizokunjwa kwenye bahasha, pamoja na debe la maharage. Agatha hakusema atatoa nini. Wiki mbili zilipita, kisha simu ya Fortunata ikalia mlio wa pesa kuingia, milioni moja na laki mbili, na nyuma yake ujumbe: "Nimemtoa yule mwekundu. Baba ashuke kama mtu."

Yule mwekundu alikuwa ng'ombe pekee wa maziwa wa Agatha. Fortunata aliusoma ujumbe huo akiwa darasani, wanafunzi wanaandika zoezi. Akatoka nje, akasimama kwenye upepo wa Same unaopuliza vumbi machoni, akashukuru kwamba vumbi lipo.

Uliomchoma zaidi ulikuwa mchango wa Salimu. Alipanda mwenyewe siku moja, akaketi ukingoni mwa kochi, akatoa laki tatu mfukoni.

"Nimesikia mnachangia kiti cha mzee. Na mimi ni wa nyumba hii. Pokea, Mama Prisca."

Fortunata alitaka kumrudishia. Alitaka kusema. Akasema, "Mungu akubariki," akapokea kwa mikono miwili. Jioni aliandika jina la Salimu kwenye kundi pamoja na wengine, kwa kuwa asingeweza kuliacha, na binamu mmoja akajibu chini yake: "Kumbe hata huyo mkaidi ana huruma! Angetoa chumba tungemshukuru zaidi." Watu wakaweka vicheko. Fortunata alizima simu.

Zilipofika milioni kumi na tatu, Rodrick akalipa nusu, milioni kumi na moja, ili kazi ya reli ianze huku wakitafuta zilizobaki.

Mwezi uliofuata Agatha alikuja kumwona baba. Alishuka basi Jumamosi na gunia la mchele wa Ndungu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono migumu ya mtu aliyeinama majarubani tangu utotoni. Alimwogesha baba yake mwenyewe usiku ule, akamlisha makande kwa kijiko, na wakacheka mambo ya zamani. Fortunata alikuwa jikoni anawasikia, na kicheko cha baba yake kilimwuma kama tuhuma.

Asubuhi, wakati wa kwenda misa, Salimu alipanda kama kawaida. Agatha alikuwa ametangulia chini kuweka begi kwenye bajaji. Akarudi mpaka mwanzo wa ngazi, akasimama. Salimu akatokeza kwenye kona, baba yao mgongoni, anashuka akipapasa kwa unyayo, jasho linamtiririka shavuni. Nyuma yao alikuja Fortunata amebeba kofia ya mzee na mto wa kukalia.

Agatha alimtazama yule mtu, akatazama mlango wa duka, akaunganisha.

"Kumbe wewe ndiye mpangaji," alisema. "Mgongo wa kumbeba baba yetu unao, chumba cha kumlaza huna."

Salimu alisimama. "Chumba gani, mama?"

"Hicho ulichoombwa ukakataa."

Alikuwa na mtu mzima mgongoni na ngazi tatu mbele yake. Aligeuza kichwa kidogo tu, kadiri shingo ilivyoruhusu, akamtafuta Fortunata kwa jicho moja. Mzee naye aligeuza kichwa chake upande huohuo. Nyuso mbili zikawa zinamtazama kutoka kwenye mwili mmoja, zinangoja.

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana kama mlango. Fortunata alifungua mdomo na kusema:

"Tutachelewa misa."

Salimu akamalizia ngazi, akamweka mzee kwenye bajaji, akamnyoosha mguu uliokufa usibanwe na kona ya kiti, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka. Kisha akaondoka bila kuaga.

Kanisani Fortunata hakusikia mahubiri. Watu walipojipanga kupokea Ekaristi, Agatha akamsukuma kiwiko, yeye akatikisa kichwa. Padre alikuja mpaka kwenye kiti cha mzee kumkomunisha, akamtazama na Fortunata pia, naye akainamisha uso. Baba yake alimeza, akafumba macho kwa muda mrefu. Alipoyafumbua alisema neno moja, polepole, bila kumtazama.

"Ulimwomba?"

"Hapana, Baba."

Waliporudi, mzee alipandishwa na vijana wa stendi. Duka la Salimu lilikuwa wazi, na yeye alikuwa ndani, anapanga cheni za pikipiki kwenye maboksi. Fortunata alisimama kizingitini.

"Mama Prisca," alisema Salimu bila kusimama, "mimi nilikataa lini?"

"Hukukataa. Sikukuuliza."

"Kwa hiyo wamekuwa wakinijua hivyo. Muda wote huu. Yule kaka yako wa Dar, nilimpigia siku moja kumuuliza kiti kitafika lini, akanijibu kama anamjibu mbwa. Nikasema labda ana shughuli." Aliweka boksi chini. "Kwa nini?"

Fortunata alijaribu kueleza, ada, mshahara, aibu. Maneno aliyoyapanga njia nzima kutoka kanisani yalitoka yamelowa.

"Ungeniomba chumba cha nyuma," alisema Salimu, "ningekupa siku hiyohiyo. Mle ndani mna nini? Matairi. Matairi hata nje yanalala. Ungekata kodi kidogo, mzee angelala chini, tungeishi. Umechukua ng'ombe wa dada yako, umechukua tangawizi ya watu, kwa sababu ya chumba cha matairi."

Fortunata hakuwahi kufikiria chumba cha nyuma. Miezi yote ile alikuwa amefikiria kodi yote au kukosa yote, kwa sababu hesabu yake aliifanya peke yake, gizani. Aliegemea mlango.

"Nisamehe, Salimu."

"Kukusamehe nitakusamehe. Lakini mwisho wa mwezi ninahama. Nimepata fremu ya duka karibu na stendi, walikuwa wananiita siku nyingi. Sitaki kukaa mahali ambapo mtu akinitazama najiuliza ameambiwa nini." Akainua boksi lingine. "Na ile laki tatu usinirudishie. Ile ni ya mzee, siyo yako."

Jioni ile Fortunata alimwambia Agatha yote, wakiwa jikoni, sufuria iko kati yao. Agatha alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alichukua kanga yake, akajifunga vizuri kiunoni, kama anayejiandaa kwa kazi.

"Alikuwa na mimba," alisema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilimuuza hivyohivyo kwa sababu ulisema hakuna njia nyingine." Sauti yake ikapasuka. "Mbele ya watu nimemtukana mtu aliyembeba baba yangu. Wewe ulikuwa umesimama pale, Fortunata. Ulikuwa umesimama."

Akaondoka na basi la kwanza la alfajiri. Kabla hajaondoka alishuka mpaka dukani, akamkuta Salimu anafungua, akamwomba radhi. Fortunata aliwaona kutoka juu, dirishani. Hakusikia walichosema. Aliona tu Salimu akichukua begi la Agatha na kumsindikiza mpaka barabarani.

Siku hiyo Fortunata alirekodi sauti yake na kuituma kwenye kundi la ukoo. Hakuweka visingizio, au aliviweka vichache. Kwamba Salimu hakuwahi kuombwa. Kwamba yeye ndiye aliyesema uongo. Kwamba kiti hakikuhitajika. Kisha akangoja. Ukoo ule ambao ulikuwa ukipiga gumzo mchana kutwa ulikaa kimya mpaka jioni, alama za waliokwisha kusikia zikiongezeka moja baada ya nyingine. Aliyejibu kwanza alikuwa shangazi wa Myamba: "Tumesikia." Basi.

Rodrick alipiga simu akifoka. Alikuwa ameshaongea na Rodgers. Reli ilikuwa imekwisha kukunjwa, iko kwenye meli. Milioni kumi na moja hazirudi. Wakitaka kiti, watafute nyingine tisa juu ya mbili zilizobaki, wakiacha, wamepoteza.

"Sasa unataka tufanye nini, Dada? Tuwaambie watu wachange tena?"

"Hapana," alisema Fortunata. "Tuache. Hela ya watu nitarudisha mimi."

Marehemu mumewe alikuwa amemwachia kiwanja nje kidogo ya mji, upande wa reli, ambacho walikuwa wakikiita cha Prisca. Alimpigia binti yake kwanza, akamweleza kila kitu. Prisca alilia, kisha akasema, "Kiuze, Mama. Lakini ungeniambia mapema, ningeacha hata mwaka mmoja." Hilo nalo likaingia moyoni likakaa. Alikiuza kwa haraka, kwa bei ya mtu mwenye haraka, hela zikamtosha. Akarudisha moja moja. Wazee wa Vumari alipanda kwenda kuwapa mkononi, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alikaribishwa chai na kuulizwa hali ya mzee, wala hakuna aliyemuuliza lolote lingine; alirudi mjini amechoka kuliko kama angetukanwa. Shangazi alipokea. Agatha alipokea pia, akanunua ng'ombe mwingine, na siku za mwanzo akawa anapiga simu ya baba moja kwa moja, bila kupitia kwa Fortunata.

Salimu alihama siku aliyosema. Alifagia vyumba vyote viwili, akaacha funguo kwa mzee, si kwa Fortunata. Chumba cha mbele kikapakwa rangi, mlango wa duka ukawekwa pazia, kitanda kikateremshwa. Cha nyuma kilipata mpangaji mpya, mshona nguo, kwa kodi ndogo, na Fortunata akaongeza kufundisha masomo ya jioni ili kufidia ada.

Na mzee akanawiri. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Asubuhi alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka barazani, watu wa Vumari wanaoshuka sokoni wakapita kumsalimia, wakamwachia ndizi na habari za mashamba. Maneno yake yakaongezeka. Alijua nani kaoa, nani kagombana na nani, bei ya mahindi, ratiba ya mabasi. Kila alipocheka pale nje, Fortunata, akiwa anasahihisha madaftari juu, alihesabu miezi aliyomweka chumbani na dirisha lake la milima, akaacha kusahihisha.

Ijumaa, baada ya swala, Salimu huja kumwona mzee. Huingia kwa mlango wa mbele, huvua viatu, hukaa kwenye mkeka karibu na kitanda, na mazungumzo yao hayana mwisho. Mwanzoni Fortunata alijaribu kukaa nao. Alipoketi, Salimu alimjibu kwa adabu yote, akamuuliza habari za Prisca, akasifu rangi ya ukuta. Lakini kile walichokuwa wakikizungumza hakikuendelea, na mzee naye alinyamaza, anangoja. Hakuna aliyemfukuza. Siku hizi anawawekea chupa ya chai na vikombe viwili, anasema karibuni, anatoka nje na kulivuta pazia nyuma yake.